Kikuba cha Bi Raifa

Ilianza Jumatano, saa kumi na robo alasiri. Watu walikuwa ndiyo wanatoka msikitini, na mie nimepiga magoti jikoni kwa Shangazi Thuwaiba, mikono yote miwili imo ndani ya bakuli la samli na sukari. Jiko lile lilikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo, kinachotokea ukumbini, na mlango wake ulikuwa haufungi sawasawa. Ukumbini alikuwapo Bi Raifa, jirani yetu wa nyumba ya tatu, amekuja kunywa chai. Nikamsikia anatafuna, kisha akasema, "Thuwaiba, vileja hivi kafanya nani? Vinayeyuka kabla hujauma." Nikaacha kupiga samli. Nilijua jibu, na Shangazi alilijua, na binti yake Nawal aliyekaa pale kwenye zulia alilijua vilevile, maana siku nzima iliyotangulia alipita jikoni mara kwa mara kuja kuniibia vya moto. Nikangoja nisikie jina langu. "Mie," akasema Nawal. Basi, neno moja tu. Shangazi akacheka kidogo, akasema, "Chukua chengine, Raifa," na mazungumzo yakaendelea kwenye harusi za watu. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nikaendelea kupiga samli kwa nguvu mpaka ikanirukia usoni.

Wiki iliyopita Nawal karudi kutoka Maskati, ambako mumewe anafanya kazi, na mtoto wake wa kike anayekaribia kutimiza mwaka. Nilikwenda kwa Shangazi kumsalimia. Alinikumbatia, ananukia udi mzuri, akamwambia mtoto, "Huyu mama yako mdogo Salha," kisha akakaa akala vileja nilivyompelekea, kimoja baada ya kimoja, akafumba macho. "Salha, unakumbuka ule mwaka tulivyokuwa tunapika? Raha yake!" Halafu akanishika goti. "Ijumaa ijayo tunamfanyia mtoto sherehe. Utatupikia na kutupambia, eh? Mie mikono yako tu ndiyo nnayoiamini." Nikatabasamu. Mie mtu wa kutabasamu, na watu wengi wanadhani anayetabasamu hana kitu moyoni. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani, na hasira ya ule mwaka nikaikuta iko vilevile, kama chai kwenye chupa: unadhani imepoa kwa kuwa nje chupa ni baridi, ukimimina inakuunguza ulimi. Tulivyokuwa tunapika! Ndiyo nikakaa kuandika, kwa sababu kuandika ndiko nnakokuweza, na kwa sababu haya yasipoandikwa na mie yatasimuliwa na Nawal.

Nilikuwa nimeletwa mjini kusoma Kidato cha Tatu, natoka Makunduchi. Nyumba ya Shangazi iko Malindi, ya ghorofa mbili, karibu na bandari hata boti ya Dar es Salaam ikipiga honi vikombe vinatetemeka kabatini. Ukumbi ulikuwa juu, una boriti nyeusi na vioo viwili vikubwa vya zamani vilivyoingia madoa, ukijitazama unajiona kama una ndui. Mie nilipewa ghala nilale, chumba chembamba ubavuni mwa jiko, baina ya gunia la mchele na debe la samli, na mpaka leo nikinusa iliki moyo unaruka, nadhani nimechelewa skuli. Siku ya kwanza kwenye chakula nilitamka neno moja la kwetu, la kuomba maji. Nawal akaangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. "Mama, kasema nini huyu? Hebu rudia, Salha! Rudia!" Jioni akawaita wenzake watatu waje wasikie, nikaambiwa nirudie mbele yao. Nikarudia. Tangu siku hiyo nikawa nasema lile lisilokwepeka tu, naam na ahsante na nshakula, na Nawal akaniita bubu. "Bubu, lete chai." "Bubu, kaka zako wa kwenu wote hivi au weye peke yako?" Shangazi alimkanya, lakini alimkanya huku anacheka, na mtoto anajua tafauti.

Kwa kuwa ulimi ulikuwa umefungwa, mikono ikawa ndiyo inayosema. Vileja vyataka kiganja. Samli na sukari unazipiga mpaka zigeuke nyeupe kama povu la sabuni, na mkono unakuuma mpaka begani, ndipo unatia viini vya mayai, iliki, marashi kidogo, na unga wa mchele kwa kidogokidogo. Ukiukimbilia unga kabla samli haijawa nyeupe, unapata vijiwe. Nawal alijaribu mara moja, akapiga kidogo tu, akatazama kucha zake, akasema simu yake inalia. Haikuwa inalia. Nikafanya visheti, nikafanya kashata za nazi za rangi mbili, nikafanya mikate ya ufuta ya kupeleka kwa wagonjwa. Kulipokuwa na shughuli nikapamba vilevile. Kwetu ukili ni wa kushonea mikeka na vikapu. Mie niliutia rangi ya manjano na zambarau, nikausuka mwembamba, nikauning'iniza kutoka boriti mpaka boriti. Trei za mayai nilizikata kikombe kimoja kimoja, nikazipaka rangi, zikawa mawaridi. Karatasi za fedha za ndani ya paketi za majani ya chai nikazikunja nyota. Chupa tupu za achari nikazitia vitaa vidogo. Ukumbi ule wenye vioo vyenye ndui ukawa watu wakiingia wanasimama mlangoni wanasema mashaallah, na mie nawatazama kupitia kidirishani, naona midomo yao tu na mikufu.

Nawal alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, wa mapishi na mapambo. Hapo ndipo mikono yangu ilipotiwa kazini rasmi. Alikuwa anasimama nyuma yangu na simu, anarikodi viganja vyangu tu na bakuli. Kabla hajaanza alivua pete yake ya fedha yenye jiwe la buluu akanivisha. "Usitikisike. Watu wananijua kwa pete hii." Halafu anaanza kwa sauti ya asali, sauti asiyoitumia nyumbani: "Asalaam alaykum wapenzi wangu, leo nnakufundisheni vileja vya bibi yangu." Bibi yake hakuwahi kufanya kileja; alikuwa anaagizia. Akimaliza, kabla hata simu hajaiweka, ananyoosha mkono: "Pete." Kuna siku shira ya visheti ilinirukia kwenye kidole gumba cha kulia, ikaniacha na alama nyeupe kama punje ya kunde. Nawal alikasirika kwa sababu itaonekana. Akafikiri, kisha kwenye picha iliyofuata akasema, "Msiniulize kidole, wapenzi, nimeungua na shira. Niombeeni dua." Watu wakamwombea. Wengine walimwandikia dawa za asali na mshubiri. Kidole changu, dua zake. Usiku ule nilikipaka samli na chumvi nikalala nacho kinapiga kama saa.

Na kulikuwa na vyombo. Nyumba moja haiwi na sinia za kutosha shughuli, kwa hiyo tunaazimana, na kila nyumba imetia alama yake chini ya chombo kwa rangi ya kucha: ya Bi Raifa doa jekundu, ya wa mkabala mistari miwili, na kadhalika. Asubuhi yake vyombo vinarudi, na haviendi vitupu, lazima vibebe kitu cha kuonja. Mie nilikuwa naosha, napanga vileja juu, nafunika kitambaa. Nawal alikuwa anapeleka. Anavaa kanga mpya, anatia wanja, anatoka mlango kwa mlango, na ghala langu lilikuwa na tundu la kutazamia kichochoroni, basi nikawa nasikia kila mlango: "Hee, Nawal, na hivi tena umefanya weye? Mungu akuhifadhie mikono!" "Amin, Bi." "Amin, khalati." Mwaka mzima nilizisikia amin zake. Mtu anaweza kukuibia kitu mara moja ukasahau. Huyu alikuwa anakuja kuniibia kile kile kila baada ya shughuli, na mie ndiye nnayemfungia kwenye kitambaa.

Ndipo ikaja posa. Bi Raifa alimtaka Nawal kwa mwanawe Suleiman, na maneno yalisemwa pale pale ukumbini, nami pale pale jikoni. "Mie, Thuwaiba, sitaki mkwe wa kuagizia biskuti dukani," alisema Bi Raifa. "Nyumba yangu ina wageni asubuhi na jioni. Uzuri anao, lakini uzuri nnao hata mie." Wakacheka. "Nnachokitaka kwa huyu ni mikono." Shangazi akajibu bila kusita, "Mikono anayo." Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa imo ndani ya sufuria inakwangua ukoko.

Lazima nimpe Shangazi haki yake: ilipopangwa siku ya Nawal kuvishwa pete, aliniahidi kitu. Alikwenda Darajani akarudi na vitambaa viwili, cha Nawal cha rangi ya maziwa, na changu satini ya rangi ya komamanga. Akanipima nacho begani mbele ya kioo. "Siku hiyo na weye utakaa na watu, Salha. Nguo mpya, kichwa kimesukwa. Utakaa hapa ubavuni mwangu." Sijui kama alijua amenipa nini. Ule ukumbi nilikuwa nikiupamba, nikiufagia, nikiupita na sinia kichwa kimeinama. Kukaa humo, juu ya zulia, miguu imekunjwa kama wageni, mtu aniulize weye nani na nimjibu, nilikuwa sijawahi. Usiku nilikuwa nakitoa kitambaa kwenye karatasi yake nakiweka shavuni. Kilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kila nilichokitaka mwaka ule kilikuwa kimo ndani ya satini ile.

Siku mbili kabla ya shughuli Nawal alisimama katikati ya ukumbi, simu mkononi, akautazama ukuta wa nyuma ya kiti chake. "Mama, ukuta huu mtupu. Picha zitatoka mbaya." Akazunguka. "Kile kitambaa cha Salha kingechukuana na nguo yangu." Nilikuwa nimesimama mlangoni na ukili begani, na nilimwona Shangazi anafikiri. Hilo ndilo nisilomsamehe, kwamba alifikiri. Kisha akanigeukia kwa sauti laini. "Salha mwanangu, ntakununulia chengine. Kwani weye watu utakaa nao useme nao nini? Jikoni ndiko unakokupenda." Nawal akaleta mkasi. Na kwa kuwa hakuna mwengine aliyejua kukunja marinda ya ukutani, nikaambiwa nikitundike mie. Nikapanda stuli, pini zimo mdomoni, nikakunja nguo yangu rinda kwa rinda, nikaipigilia ukutani. Hata ningetaka kusema kitu nisingeweza, mdomo ulikuwa umejaa pini. Nawal akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akasema, "Juu kidogo kulia, bubu." Hapo, juu ya stuli, ndipo nilipoamua. Sikutaka augue, sikutaka posa ivunjike. Nilitaka aaibike mbele ya wanawake wale wale waliomwitikia mashaallah, na nilitaka aaibishwe na mikono yake mwenyewe.

Njia alinipa yeye. Bi Raifa alipokuja kukubaliana siku alisema, "Vikuba vya wageni nataka vya mkono, visitoke sokoni." Na Nawal, kwa kupenda sifa tu, maana hakuna aliyemuuliza, akasema, "Vyote ntafunga mie. Na chako, Bi Raifa, ntakufungia mwenyewe mbele yako, ukivae kibichi." Nililisikia neno hilo kidirishani nikaliweka. Kikuba ni kitu kidogo, kishada cha maua cha kubana kifuani kisichozidi kiganja: mrehani katikati, asumini pembeni, ukanda wa mkadi, majani mawili matatu ya waridi. Mtu akikiona anadhani ni kazi ya mtoto. Lakini asumini lazima ulifunge alasiri, likiwa bado limefumba, ili lichanulie kifuani mwa mtu shughuli imepamba moto. Unalishika shingoni, usiliguse kichwa. Ukilibana kichwa linageuka kahawia unalitazama. Na uzi unauzungusha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika maua yasigeuke, na ncha unaikaza kwa meno. Picha za mtandaoni haziwezi kukufundisha mikazo ya uzi. Hasa kama katika picha hizo mikono si yako.

Alhamisi ile ya shughuli nilifunga vikuba vya wageni wote, nikavilaza kwenye kitambaa chenye unyevu. Kimoja sikukifunga. Nilichukua sahani ndogo ya fedha ya Shangazi, ile ya wageni wa heshima, nikapanga juu yake fungu la asumini yaliyofumba, mrehani, mkadi, waridi, na kidonge cha uzi mweupe. Nikaipamba sahani hiyo kuliko zote. Shangazi alipita akaiona. "Hiki mbona hakijafungwa?" Nikamwambia, "Cha Bi Raifa, Shangazi. Nawal alisema atamfungia mwenyewe mbele yake." Sidhani kama niliwahi kumwambia sentensi ndefu kama hiyo mwaka mzima. Akasema, "Ehe, kweli, alisema," akaenda kutazama chetezo cha udi. Ningeweza kukifunga kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikaosha mikono, nikakaa kwenye kigoda mbele ya kidirisha.

Wakaja watu wa Bi Raifa na vigelegele ngazi nzima, sinia ya posa imetangulia. Ukumbi ukajaa. Bi Raifa alikaa mbele, na ubavuni mwake dada yake, Bi Ghanima, mwanamke mnene mwenye ulimi unaotembea peke yake. Nawal alikaa kwenye kiti mbele ya satini yangu, na sitasema uongo, alipendeza, rangi zilichukuana. Vileja vikapita. "Raifa," akasema Bi Ghanima mdomo umejaa, "umepata mkwe au umepata kiwanda?" "Nimepata mikono," akajibu Bi Raifa. Nawal akainamisha macho kwa haya, kama kawaida yake akisifiwa kwa changu. Kisha vikuba vikagaiwa, kila mtu akabana chake, ukumbi ukaanza kunukia. Bi Raifa akajipapasa kifuani. "Wote washavaa, mie kifua kitupu. Si uliniahidi, mwanangu?"

Sahani ya fedha ikawekwa mbele ya Nawal. Aliitazama, akamtazama mamake. "Salha atakifunga upesi, Bi Raifa. Mie nisije nikaharibu hina."

"Hina imekauka tangu jana, naiona nyeusi ti," akasema Bi Ghanima. "Mbona kwenye simu unafunga kama cherehani? Binti yangu hapati usingizi kwa kukutazama. Funga tuone, shoga, usituonee haya!"

Wakapiga makofi. Nawal akaanza. Alilishika asumini kichwani. Akalibana na mrehani, akazungusha uzi, ukateleza. Akazungusha tena, maua yakageuka yote upande mmoja. Mwanzo walidhani anatania. Kisha makofi yakapungua, yakaisha, na ikabaki sauti ya feni. Nilizihesabu pumzi zake kutoka jikoni, na kila pumzi niliipenda. Mwishowe akakaza fundo, akakiinua, akampa Bi Raifa, na kikuba kikafumuka hewani. Asumini likaanguka moja moja juu ya mapaja ya Bi Raifa, kahawia kwenye vichwa, na uzi ukabaki umening'inia kwenye pete ya Nawal yenye jiwe la buluu.

"Lo," akasema Bi Ghanima, "mkwe anavuja."

Wakacheka. Mwanzo kwa kuficha mdomo, kisha hawakuficha. Nawal akaita, sauti imekatika: "Salha!"

"Naam," nikaitikia, kama nilivyoitikia mwaka mzima.

Nikaingia na kanga yangu ya jikoni, nanukia moshi na samli. Nikakaa chini, juu ya lile zulia, mbele ya magoti ya Bi Raifa. Nikachagua maua yaliyobaki mazima. Sikumtazama mtu. Nikafunga kikuba, taratibu kuliko kawaida, sikuona sababu ya kuwakimbiza, nikakaza ncha kwa meno, nikampa. Alikuwa anapokea, akasita. Akanishika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga, akaweka kidole chake juu ya ile alama nyeupe kwenye gumba langu.

"Kidole hiki nakijua," alisema Bi Raifa polepole. "Nimekiombea dua mwezi mzima."

Bi Raifa akauliza, "Weye nani, mwanangu?" Na hapa ndipo penye maudhi yangu mpaka leo: nilifungua mdomo, sauti haikuja. Nilikuwa nimelingoja swali hilo mwaka mzima, na Shangazi akanijibia. "Huyo Salha, mtoto wa ndugu yangu. Ananisaidia jikoni." Bi Raifa akarudia, "Ananisaidia jikoni," akaacha hivyo. Akabana kikuba kifuani, akamvisha Nawal pete, kwa sababu mwanamke wa Malindi havunji posa mbele ya sinia. Vigelegele vikapigwa, lakini vilikuwa vifupi. Mie nilirudi jikoni nikajiingiza ghalani, nikaziba mdomo kwa kanga, nikacheka mpaka machozi yakaloa gunia la mchele.

Baada ya Magharibi, wageni wameondoka, walinijia wote wawili. Nawal wanja umemshuka mpaka mashavuni. "Kafanya makusudi! Muulize, Mama! Makusudi!" Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko. "Salha. Makusudi?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Alinitazama kitambo, kama mtu aliyefungua kabati lake akakuta chombo asichokijua. "Haya," akasema. "Kesho vyombo vya watu utarejesha weye, nyumba zote. Nawal hatoki mlangoni. Wakiuliza, ujibu weye. Nataka niuone huo ulimi wako." Alijua anaponipiga. Kwangu mie ilikuwa afadhali kuchapwa kuliko kubisha mlango wa mtu na kusema asalaam alaykum.

Watu wameniuliza kama siku hizi nnaona nilizidisha. Sioni. Nawal aliolewa na huyo huyo Suleiman, ana mume mpole na mtoto mzuri, na huko Maskati ana msichana wa kumpikia. Kilichompata ni kwamba kila shughuli ya Malindi pakifungwa vikuba kuna mtu anasema "usije ukavuja," na wote wanamjua anayesemwa. Nadhani bei hiyo ni ndogo. Ijumaa ya mtoto ntakwenda. Ntavaa vizuri, ntakaa ukumbini, ubavuni mwa Shangazi, miguu nimekunja. Vileja nimemwambia afanye mwenyewe, na maelezo yote yamo kwenye ukurasa wake.

Lakini asubuhi ile ya kurejesha vyombo. Niliamka baada ya sala, wao wamelala. Kitu cha kwanza nilipanda stuli nikaanza kuzitoa pini ukutani, moja moja, mpaka satini ikanishukia mikononi. Ilikuwa imekatwa vibaya, haitoshi nguo, na ukingoni ina matundu ya pini. Ilitosha mtandio. Nikajitanda, nikajitazama kwenye kioo chenye madoa, nikaona rangi ya komamanga na uso wangu katikati. Kisha nikapanga vyombo kwa alama zake, na juu ya kila sinia nikamimina vileja, visheti, kashata, vyote. Nyumbani sikubakisha hata makombo. Nawal akiamka atakunywa chai kavu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mistari miwili. Nilibisha kidogo sana hata mie sikusikia. Nikabisha tena. Mwenye nyumba akatoka, akanyanyua kitambaa, akasema, "Mwambie Nawal ahsante, mikono yake—" na mie nikabaki nimesimama mpaka akafunga mlango. Nikakaa kwenye baraza yake, sinia zimo mapajani, nikalia kidogo kwa hasira, nikajifuta na ncha ya satini. Mlango wa pili nilisema, lakini nililiambia zulia la kufutia miguu. Wa tatu mama mwenye nyumba alisema, "Eti nini?" nikarudia kwa sauti, akaniangalia mtandio, akaniangalia mikono, akasema, "Kumbe! Ingia, mwanangu, ingia!" Sikuingia, nilikuwa na kazi. Nikapita kichochoro kizima namna hiyo, na kila mlango sauti ikazidi kunitoka, na nilijua tundu la ghala liko juu yangu na kwamba Nawal keshaamka, na nikasema kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ya mwisho, niliyoiacha makusudi, ilikuwa sinia yenye doa jekundu. Bi Raifa alifungua mwenyewe. Kikuba cha jana alikuwa bado kakibana kwenye kanga yake, asumini limechanua lote. "Shikamoo, Bi Raifa." "Marahaba." Akanyanyua kitambaa, akachukua kileja, akakiuma, akafumba macho. Alikuwa anajua. Alitaka tu nimwambie, na alitaka kichochoro kisikie.

"Vileja hivi," akauliza kwa sauti kubwa, "kafanya nani?"

"Mie."